Sanduku la fundi lisizidi bidoni ya maji



Leo katika ukurasa wetu wa usalama na afya sitasema juu ya kofia wala juu ya viatu. Nitasema juu ya kitu ambacho fundi anakipenda kuliko viatu vyake: sanduku lake la vyombo. Makanika analo, fundi wa umeme analo, seremala na mwashi wanalo. Kila mmoja anajivunia lake. Lakini ni wachache kati yetu waliokaa wakajiuliza: Sanduku hili nililichagua namna gani? Nani atalibeba? Na likisafiri katika gari dogo, litakaa wapi?

Nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Siku zile nilikuwa kijana, msaidizi wa makanika, kwa mwajiri mmoja ambaye simtaji. Mashine ya kuvuta maji ilikuwa imekufa upande wa Itebero, nasi tukatumwa kuitengeneza. Gari lilikuwa moja tu, kamioneti ndogo. Tuliingia watu 7, pipa la mafuta, magunia ya mchele, na sanduku kubwa la mbao, refu kama kitanda cha mtoto, lisilo na kifuniko. Kila chombo cha karakana kilikuwa kimetupwa humo. Tulilipakia watu wanne. Kwa kuwa nafasi ilikuwa haba, sisi vijana wawili tulikaa juu ya ukingo wake, miguu yetu ndani, katikati ya vyuma.

Mnaoijua barabara ya Bukavu kwenda Walikale kwa njia ya Hombo, mnayajua matope yake. Gurudumu la mbele lilitumbukia katika shimo lililojaa maji, gari likasimama mara moja. Sanduku likateleza mbele, na mtaimbo uliokuwa umelala juu ya vyombo vingine ukaruka. Mimi haukunipata. Ulimpata mwenzangu katika mfupa wa mguu, chini ya goti. Tulimbeba kwa machela ya miti mpaka penye msaada. Alipona, lakini mguu ule haukunyoka tena, na kazi ya umakanika akaiacha. Alikuwa na miaka 19.

Shofere alilaumiwa. Barabara ililaumiwa. Sanduku halikulaumiwa na mtu yeyote. Leo, baada ya miaka mingi, nasema wazi: kosa la kwanza lilikuwa katika sanduku, na katika sisi tuliolichagua.

TUNAJIDANGANYA KWA UKUBWA

Kwetu tumezoea kufikiri kwamba sanduku kubwa ni la fundi mkubwa. Fundi akifika na kisanduku kidogo watu wanamcheka: «Huyu amekuja kutengeneza saa?» Akifika na sanduku la kubebwa na watu wawili, wanamwita mkubwa. Hayo ni majivuno tu, nayo yanavunja migongo.

Tufanye hesabu kidogo. Chuma ni kizito karibu mara 8 kuliko maji. Bidoni ya lita 20, ikijaa maji, ina kilo 20 za maji. Kama ungeweza kuijaza chuma kitupu, ingekaribia kilo 160. Sanduku la vyombo halijai chuma kitupu, maana kati ya kle na nyundo kuna nafasi ya hewa. Lakini unaona hatari ilipo: sanduku lisilozidi bidoni kwa ukubwa linaweza kulizidi kabisa kwa uzito. Macho yanasema «ni dogo», mgongo unasema «nakufa».

Kuna jambo jingine. Sanduku kubwa ni kama mdomo wazi, halishibi. Ukiwa na nafasi utaijaza. Leo unaweka kle moja zaidi, kesho boliti zilizookotwa, kesho kutwa kipande cha bomba ambacho «huenda kikafaa siku moja». Mwisho wa mwaka unabeba takataka ya kilo 15 kila asubuhi, na kuirudisha kila jioni.

KIPIMO CHETU KIWE BIDONI

Mimi nashauri kipimo kimoja ambacho hakihitaji mizani. Sanduku la vyombo, likiwa limejaa na kufungwa, lisizidi uzito wa bidoni ya lita 20 iliyojaa maji. Kila nyumba ya kambi ina bidoni ile. Kila mtu anaujua uzito wake mkononi, hata mtoto aliyetumwa mtoni. Inua bidoni kwa mkono mmoja na sanduku kwa mkono wa pili. Sanduku likikuvuta chini zaidi, fungua, toa kitu.

Kipimo hiki si ndoto yangu. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilisema mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55. Baadaye wataalamu walizidi kuchunguza maumivu ya mgongo, na mwaka 1991 taasisi ya Marekani ya usalama wa kazi ilishauri kilo 23, na hizo ni kama mzigo uko karibu na mwili, sakafu ni kavu na hakuna kujipinda. Je, sisi tuna sakafu kavu? Tuna mlima, tope, na daraja la magogo. Basi kilo 20 ni nyingi za kutosha.

Na hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Kuanzia mwaka 2002, kasiterite ilipoanza kuchimbwa Bisie, katika Walikale hii yetu, wapagazi waliitoa msituni mgongoni, kwa magunia ya kilo 50. Watu walisifu nguvu zao. Leo waulizeni wale walioibeba kwa miaka mingi kama wanaweza kuinama kufunga kamba ya kiatu. Mgongo una hesabu yake, nao hausahau deni.

CHAGUA KWA KUANGALIA SAFARI

Kosa letu ni kuchagua sanduku kwa kuangalia vyombo tulivyo navyo. Mimi nasema tuchague kwa kuangalia safari: ni nini kitakachobeba, na ni nani atakayeshusha.

Kama ni kamioneti. Nafasi ni haba, maana gari lile lile linabeba mafuta, chakula na watu. Usitengeneze sanduku moja refu. Tengeneza mawili au matatu ya umbo moja, yenye kifuniko bapa, yanayokaa moja juu ya jingine na kufungwa pamoja. Hivyo unatumia kimo cha gari, si sakafu yake tu. Lililo zito likae chini, likigusa ukuta wa nyuma ya shofere, nalo lifungwe kwenye ndoano. Vyombo virefu, kama mtaimbo, sepetu na msumeno mkubwa, havina kazi juu ya sanduku. Vilale sakafuni ubavuni mwa gari, vimefungwa pamoja kwa kamba ya mpira.

Kwa nini nasisitiza kufunga? Gari likienda kilomita 40 kwa saa na kusimama ghafla, nyundo iliyo huru haisimami. Inaendelea mbele kwa mwendo ule ule. Mwendo huo ni sawa na wa nyundo iliyoanguka kutoka kimo cha mita 6, juu kuliko paa la nyumba yako. Kwa kilomita 60 ni kama imeanguka kutoka mita 14. Nani kati yetu angekubali kukaa chini ya mti wakati mwenziwe anaangusha nyundo kutoka kileleni? Lakini kila asubuhi tunakaa mbele ya sanduku lililo wazi, tunapiga soga.

Kama ni pikipiki. Siku hizi, mvua ikiharibu barabara, kazi nyingi zinafikiwa kwa pikipiki tu. Hapo sanduku gumu lenye pembe ni adui. Likiwa nyuma ya mgongo wa shofere, akifunga breki linampiga kwenye uti wa mgongo. Likiwa mbele juu ya tangi, linazuia mikono. Likiwa juu ya mapaja ya abiria, abiria hana mkono wa kujishikia. Kwa pikipiki chagua mifuko miwili ya turubai nzito, yenye vyumba vilivyoshonwa, mmoja kila upande, yenye uzito sawa, chini ya kiti na mbali na bomba la moshi. Kilo 10 huku, kilo 10 kule: bidoni yetu ni ile ile, imegawanyika mara mbili.

Kama ni miguu. Njia ya msituni inataka mikono miwili, moja ya kushika mti na moja ya kushika fimbo. Sanduku la kushikwa mkononi linakuvuta upande mmoja, nawe unaanguka upande ule ule. Weka vyombo katika mfuko wa mgongoni wenye mikanda mipana, vilivyo vizito vikae karibu na mgongo, na vyenye makali viwe ndani ya ala. Na kwa miguu usifike kilo 20. Kumi na mbili zinatosha, zilizobaki achukue mwenzako.

Kule Goma na katika milima ya Masisi wenzetu wana chukudu, farasi wa mbao, ambayo sanamu yake imesimama mjini Goma. Inabeba mizigo ambayo sisi tungeihitajia gari. Lakini mwangalieni mwenye chukudu anavyopakia: vizito chini, kamba juu, hakuna kinachocheza. Hakujifunza katika kitabu. Alijifunza kwenye mteremko.

MBAO, BATI AU PLASTIKI?

Kila moja ina wema wake. Mbao zinatengenezwa hapa hapa na seremala wetu, nazo zinatengenezeka zikivunjika, ila zinakunywa maji na kuongeza uzito. Bati halipitishi mchwa wala panya, lakini pembe zake zinakata, na maji yakiingia hayatoki. Ukichagua bati, kunja kingo zake, na toboa vitundu vidogo chini. Plastiki ni nyepesi, lakini ile ya bei rahisi hupasuka ikianguka.

Wengi wetu wanakata bidoni kuukuu ubavuni na kuifanya sanduku. Si wazo baya. Ina mpini, haina kutu, na haiwezi kukuruhusu kuzidisha. Lakini angalia ilikuwa na nini. Bidoni iliyokuwa na asidi ya betri au dawa ya sumu usiitumie kabisa. Iliyokuwa na esansi usiikate kwa chuma cha moto, maana mvuke wake unalipuka hata kama unaiona tupu. Na ukingo uliokatwa uvikwe kipande cha mpira wa gurudumu, usikuchane mkono.

Jambo moja zaidi, na mnajua kwa nini nalisema: usibebe vyombo vyako katika sanduku la risasi la askari, hata kama ni imara na umelipata bure. Kwenye kizuizi cha barabara usiku, mwenye bunduki haoni kle zilizo ndani. Anaona sanduku. Lipake yako rangi inayoonekana, ya njano au nyekundu, uandike kazi yako juu yake.

Mvua ya msitu wetu hainyamazi miezi mingi. Kwa hiyo ndani ya kila sanduku pawe na kitambaa chenye mafuta kidogo, na kila jioni chombo kifutwe kabla ya kulala. Kle yenye kutu huteleza kwenye boliti, na kle ikiteleza ni vidole vinavyopasuka.

«LAKINI NIKISAHAU KIMOJA?»

Najua jibu mtakalonipa, kwa maana nimelisikia mara nyingi, tena ni jibu la watu wenye akili. Mnasema: «Mzee, wewe unazungumza kama mtu wa mjini. Sisi tukifika Itebero na kugundua kwamba kle moja imebaki karakana, tumepoteza siku mbili. Afadhali kubeba vyote.»

Ni kweli. Siku mbili si mchezo. Lakini nauliza: je, wale wanaobeba vyote hawasahau? Siku ile ya ajali, sanduku letu lilikuwa na vyombo zaidi ya mia. Tulipofika mahali pa kazi, kle tuliyoihitaji kuliko zote haikuwamo. Ilikuwa katika mfuko wa koti la mtu, kule karakana. Katika rundo hakuna anayejua kilichopungua. Kubeba vyote si dawa ya kusahau.

Dawa ni hii. Kwanza, uliza kazi kabla ya kupakia. Mashine gani? Boliti zake kipimo gani? Imekufaje? Siku hizi penye mtandao unaweza kuomba picha kwa simu. Pili, gawanya vyombo kwa kazi: sanduku moja la kila siku lenye vile usivyoweza kukosa, na la pili la kazi maalumu ya safari hiyo. Tatu, kila chombo kiwe na kitanda chake. Chora umbo lake kwa rangi kwenye ubao wa ndani, au shona mfuko wake kwenye turubai. Kitanda kikiwa kitupu, jicho linaona mara moja, asubuhi na jioni. Nne, bandika orodha ndani ya kifuniko. Chombo chenye nafasi hakisahauliki, tena hakiibwi kwa urahisi.

VITU VISIVYO NA RUHUSA

Fataki na baruti havikai katika sanduku la vyombo, hata kimoja, hata kwa dakika tano. Fataki ina safari yake, sanduku lake na mtu wake aliyeruhusiwa. Msukosuko, cheche ya betri au nyundo inayogonga vinatosha kuua gari zima.

Chupa ya esansi isikae humo. Betri isafiri peke yake, imesimama wima, vichwa vyake vimefunikwa, maana kle ikiangukia vichwa viwili inaleta moto. Jiwe la kukatia chuma lisichanganywe na nyundo: likipata ufa usiouona, litapasuka siku utakapolizungusha, likuelekee usoni.

NENO KWA KAPITA NA WAKUBWA

Mfanyakazi peke yake hawezi yote. Kapita, usimruhusu mtu kukaa pamoja na vyombo nyuma ya kamioneti. Hata vikifungwa, mtu katika sehemu ya mizigo hayuko salama. Kama viti havitoshi, gari lifanye safari mbili. Najua mafuta yana bei. Mguu wa kijana wa miaka 19 nao una bei, tena hauuzwi dukani. Na ninyi mnaonunua vyombo, msinunue sanduku moja kubwa kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko madogo matatu. Muulizeni kwanza atakayelibeba.

NENO KWA MAMA WA NYUMBANI

Mama, sanduku likilala nyumbani, si kiti cha mgeni wala mchezo wa watoto. Liwe na kufuli, nalo likae chini, si juu ya kabati. Ukimwona baba watoto anashika kiuno kila jioni na kusema «ni uchovu tu», inua sanduku lake mwenyewe. Lilinganishe na bidoni. Utajua kama ni uchovu.

Na tukumbuke vyombo hivi ni nini. Wazee waliofanya kazi SOMINKI, kampuni iliyozaliwa mwaka 1976 na kuvunjwa mwaka 1997, wanatuambia jambo moja: kampuni inaweza kufa, lakini fundi mwenye vyombo vyake hakosi sahani ya ugali. Mwezi wa 3 mwaka 2025 vita vilipofika Walikale, watu walikimbia, na machimbo ya Bisie yalisimama mpaka mwezi wa 4. Siku kama hiyo mtu hukimbia na mtoto mgongoni na kile ambacho mkono mmoja unaweza kubeba. Sanduku la watu wanne linabaki. Lile lenye uzito wa bidoni linaondoka nawe, na kule utakakofika ni shamba lako.

YA KUSHIKA MOYONI

1. Likijaa, lisizidi bidoni ya maji.
2. Mawili madogo ni bora kuliko moja kubwa.
3. Chagua kwa safari, si kwa majivuno.
4. Kila chombo na kitanda chake, orodha kwenye kifuniko.
5. Funika, funga, kaza kamba kabla gari halijaondoka.
6. Watu kwenye viti, vyombo mahali pake.
7. Fataki na esansi: kamwe.
8. Kila mwisho wa mwezi, mwaga vyote chini na toa usichokitumia.

Ndugu msomaji, usingoje amri. Jioni hii, kabla ya kula, chukua bidoni, ijaze, uiweke karibu na sanduku lako. Inua moja, kisha inua jingine. Mkono wako utakuambia ukweli ambao mimi nimetumia ukurasa mzima kuusema.